Wawira, Wajibu Kabla Hujapanda Ndege

Wawira mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Runyenjes kusuka nywele, nami nimebaki nikisingizia mgongo. Mgongo hauumi. Nilitaka nyumba iwe kimya niandike kabla hamjarudi, kwa sababu nikikutazama usoni nitaanza tena kuzungumza habari za ng'ombe.

Kesho mjomba wako Mutwiri atashuka kutoka Meru na gari lake akupeleke uwanja wa ndege. Mambo ya pasipoti, ya vyeti, ya kutompa mtu simu yako, ya soksi, mama yako ameyasema wiki nzima na atayarudia ukiwa umeshafunga mkanda. Sitayagusa. Mimi nataka kusema juu ya ile barua pepe ambayo hujaijibu, na juu ya jioni ile uliyoniletea.

Nilikuwa nakatia ng'ombe majani. Ulisimama kando ya mashine ukiwa umeshika simu kwa mikono miwili, ukasema, "Baba, wamefuta kitabu yangu." Nikaichukua nikasoma. Kampuni ya vitabu ilisema imebadilisha mipango, kwamba kitabu chako cha picha hakitatoka tena, kwamba wanasikitika, na kwamba una siku thelathini za kuwaandikia kama una jambo lolote kuhusu haki zako na michoro yako. Miaka miwili ya kazi. Michoro arobaini uliyoipaka rangi kwa mkono kwenye meza hii ninayoandikia sasa. Ukaniuliza, "Niwajibu nini?"

Nikasema, "Achana nao. Kazi ya vitabu ndivyo ilivyo. Tafuta kazi ya maana."

Nikaendelea kukata majani. Siku ya tatu ukaenda Embu mjini kwa yule wakala wa kazi za nje, ukatia sahihi mkataba wa hoteli huko Doha. Majirani wanasema ni bahati umepata. Mama yako anasema ni Mungu. Mimi najua ni yale maneno yangu. Sisemi hoteli ni kazi ya aibu. Ningejua unaenda kwa kuitaka, ningekuimbia mpaka barabarani. Lakini nimekuona ukipanga sanduku, na sijaona hata kalamu moja ikiingia humo.

Nilisema vile kwa sababu niliogopa, mwanangu. Kuna jambo ambalo nimelificha tangu ukiwa mdogo. Hata mama yako halijui lote.

Unakumbuka tulipoishi Kiritiri, nikifundisha Kiswahili pale sekondari. Unakumbuka Cucu Marigu, yule bibi mzee aliyekuwa akikuwekea ndengu za kuchemsha kwenye kikombe cha bati. Alikuwa karibu kupofuka, lakini hakuna mtu Mbeere nzima niliyesikia akisimulia hadithi kama yeye. Kila Jumamosi, soko likiendelea, nilikaa kwake na daftari. Yeye alisimulia kwa Kimbeere, mimi niliandika maneno yake kama yalivyotoka, halafu nyumbani nikayaweka kwa Kiswahili. Hadithi ishirini na mbili. Madaftari sita.

Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, jina langu litakuwa kwa hicho kitabu?"

"Litakuwa, Cucu. Mbele kabisa."

"Si lile la kanisani. Uandike Marigu." Kisha akacheka, akanigonga goti. "Na usifikiri umemaliza ghala. Zilizobaki ni nyingi kuliko hizo. Nitakupa nikishika hiki cha kwanza kwa mkono wangu."

Kampuni moja ya Nairobi ilikikubali kitabu. Mhariri wangu alikuwa mama mmoja anayeitwa Rosa. Alikuwa mkali kwa kalamu na mpole kwa maneno. Alinifundisha kufuta sentensi nilizozipenda mno. Aliomba nimpelekee na yale madaftari ya Kimbeere, ahakikishe sijaongeza chumvi yangu. Nikampelekea yote sita. Sikubaki na nakala, maana ni nani angefikiria?

Baada ya miaka miwili ikaja barua. Wakubwa wapya walikuwa wameingia, na vitabu vya hadithi vimesimamishwa. Changu kimo. Barua ilikuwa na kurasa mbili, nami nilisoma moja. Ya pili sikuigeuza.

Asubuhi yake nilipanda gari la kwanza la Nairobi. Sikuwapigia, sikuomba kuonana na mtu. Nilifika pale mapokezi, shati limelowa jasho, nikasema nataka Rosa. Akashuka ngazi haraka haraka, ana faili mkononi, akasema, "Mwalimu, karibu. Umepata barua yangu? Twende tukae mahali."

"Sikai na wezi," nikamwambia.

Wote waliokuwa pale wakageuka. Nikasema wamekula akili yangu miaka miwili. Nikasema wanataka kutoa hadithi za Wambeere kwa jina la mtu wao. Rosa alisubiri nipumue. Akasema polepole, "Mwalimu, hii faili nilikuwa nimekuwekea wewe." Nikausukuma mkono wake. Karatasi zikaanguka, nami nikatoka nikamwacha amechutama anaziokota. Kulikuwa na askari wa mlangoni aliyekuja kumsaidia, na hata leo namkumbuka yule askari alivyoniangalia.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Nilirudi nyumbani nikamwandikia mkubwa wake. Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa, na mkono huu huu uliandika kwenye barua ile mambo kuhusu watu wa kwao Rosa, mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Niliyaandika kwa Kiswahili safi. Nilipomaliza nilijisikia mwanaume. Nililala usingizi mzito.

Hayo nilimfanyia mtu wa Nairobi, ambaye ningeweza kujidanganya kwamba ni adui. Niliyomfanyia Cucu Marigu sina pa kuyaweka.

Jumamosi iliyofuata alisikia hatua zangu akauliza, "Kitabu kimefika wapi?" Nilikuwa nimekuja kumwambia. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwona amekaa na kitambaa kipya kichwani, bado kina mikunjo ya dukani. Akaniambia amekinunua kwa ajili ya siku hiyo ya kitabu, anakivaa kidogo kidogo ili kisimbane. Nikasema, "Kiko kwa mashine, Cucu."

Kiko kwa mashine. Nilisema hivyo karibu miaka miwili. Aliwaambia watu wa kanisa lake. Aliwaambia wauza mbuzi, akawaambia hata madereva wa malori ya mchanga. Watu walinisimamisha njiani wakinipa mkono. Nikaanza kupita nyuma ya soko ili nisionane na mtu. Halafu nikaomba uhamisho. Wewe tulikwambia tunahamia Karurumo kwa sababu joto la Kiritiri linamsumbua mama yako kifua. Ulilia wiki nzima ukitaka rafiki zako. Kifua cha mama yako hakikuwa na neno. Nilikuwa namkimbia bibi mmoja kipofu.

Alikufa mwaka uleule. Nilikwenda mazishi kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Mwenye kuongoza shughuli akasema, "Sasa tumwite yule mwalimu aliyeandika kitabu cha Cucu." Nilisimama. Jeneza lilikuwa pale, ningeweza kuligusa. Ilikuwa nafasi ya mwisho duniani ya kusema ukweli mbele yake. Nikasema, "Kitabu kitatoka mwezi ujao."

Wakapiga makofi. Kwenye mazishi, Wawira. Walipiga makofi.

Baadaye mtoto wake wa kiume, Ireri, alikuja hapa Karurumo kukitafuta. Huenda unakumbuka mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya na gunia la ndengu begani. Nilimwona kupitia dirishani, nikaingia chumbani, nikakutuma wewe uende ukamwambie baba hayuko. Ulikwenda. Ukarudi ukaniuliza, "Kwa nini nimesema hauko na uko?" Nikakufokea unyamaze. Ndengu alituachia. Tulizila.

Basi siku uliyokuja na simu yako, sikumwona binti yangu aliyefutiwa kitabu. Niliona Kiritiri yote inanijia pale kwenye mashine ya majani. Nikataka iondoke, nikakuondoa wewe.

Baada ya wewe kutia sahihi ule mkataba, nilishindwa kula. Unajua mama yako alidhani ni tumbo. Alhamisi iliyopita niliposema naenda kumwona daktari Embu, nilikwenda Kiritiri.

Nilimpata Ireri sokoni akiuza mbuzi. Amezeeka kuliko mimi. Nilimwambia yote, nimesimama pale kati ya mifugo, kwa sababu kama ningesubiri tukae ningeondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kamba ya beberu mkononi.

"Kwa hivyo ulisema uongo na mama amelala pale," akasema.

"Ndiyo."

"Ungesema tu kitabu imekataliwa, Mwalimu. Tungekasirika siku moja. Mama angewatukana hao watu, akucheke, halafu akwambie zile zingine." Akamvuta beberu karibu. "Tulikuwa tukimuomba atuambie hizo zingine. Alikataa. Alisema ni za kitabu ya pili. Akakufa nazo."

Akasema, "Basi nipe hizo uliandika. Nizipeleke kwa watoto."

Nikamwambia kwamba madaftari yalibaki kwa kampuni, kwamba sikuyaomba, kwamba kampuni iliuzwa na sijui karatasi zilitupwa wapi. Akaniangalia kama mtu anayesikia habari ya kifo mara ya pili. Akasema, "Nisimulie hata moja."

Tuliketi kwenye magogo karibu na magunia ya makaa. Nilijaribu. Kati ya ishirini na mbili niliweza nne. Nilipofika mwisho wa ile ya fisi na mwanamke wa kisimani, akatikisa kichwa. "Hapana. Mwisho wake si huo." Nikamwuliza mwisho wake ni upi. Akasema hakumbuki, lakini si huo.

Hakunipa mkono nilipoondoka. Alisema atafikiria. Nilirudi nikijua kwamba atafikiria mpaka mimi nife, na ana haki.

Jumamosi nilimtafuta Rosa. Mwalimu mwenzangu wa zamani alikuwa na namba yake. Ilinichukua muda wote wa ibada ya asubuhi ya Jumapili kupata moyo wa kubonyeza. Nikajitaja jina.

"Nakukumbuka, Mwalimu," akasema.

Nikaomba msamaha. Sikupamba. Akasema, "Niliitwa ofisini kwa sababu ya barua yako. Waliisoma kwa sauti mbele yangu. Sitakwambia haikuniuma." Nikasema nimesikia. Kisha nikamwuliza jambo ambalo lilikuwa limeninyima raha: kwenye faili lile kulikuwa na nini?

Kulikuwa na madaftari yangu sita, Wawira. Alikuwa ameyatoa kabatini mapema kabla watu wa stoo hawajayachukua. Na barua kutoka kampuni nyingine. Alikuwa ameshawapigia akawaeleza habari za Cucu Marigu, nao walitaka kuona muswada. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika mistari mitatu ya kuomba haki zangu zirudi. Ilikuwa imeelezwa kwenye ule ukurasa wa pili. Aliyaokota yale madaftari sakafuni akayarudisha kabatini, akingoja nimwandikie. Alingoja mpaka alipohama pale.

Nilikaa chini kwenye nyasi za kanisa. Akasema, "Mwalimu, uko?" Nikasema niko. Nikamweleza kuhusu wewe. Sijui nilikuwa na haki gani ya kumwomba kitu, lakini nilimwomba. Nikamtajia yale niliyoyakumbuka kwenye barua pepe yako. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani, bila kukatiza, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Michoro yenyewe iko wapi?"

Nikasema, kwa hiyo kampuni. Yote arobaini.

"Basi aandike sasa. Aombe haki zake zirudi kwa maandishi, na michoro yake irudi, ataje ni mingapi. Amshukuru mhariri wake kwa jina. Mara nyingi huyo mhariri analia kuliko yeye. Na asieleze anavyojisikia. Hayo amwambie mama yake." Kisha akaongeza, "Na wewe usimwandikie."

Kwa hiyo sikuandikii jibu hilo. Nimezihesabu siku. Umebaki na tano. Tatu kati ya hizo utakuwa kwenye ndege, kwenye foleni, kwenye mafunzo, na simu ya namba mpya ambayo haijafungua barua pepe. Nakujua. Utasema nitafanya nikitulia. Mimi pia nilikuwa naenda kufanya nikitulia.

Na kuna yule msichana wa Kiritiri uliyemchora na mbuzi zake, Kanini, ambaye ulikwenda kwao mara tatu na mama yake akakupikia. Anangoja. Najua anangoja kwa sababu Alhamisi aliniona pale sokoni akakimbia kuja kuniuliza kama kitabu kimetoka. Unajua nilijibu nini? Hata baada ya yote niliyokuwa nimetoka kumwambia Ireri, saa ileile, mdomo wangu ulifunguka kusema bado kiko kwa mashine. Niliuziba kwa mkono. Nikamwambia, "Wawira atakupigia mwenyewe." Tafadhali mpigie. Mwambie kimefutwa. Atahuzunika, atakuuliza kwa nini, nawe utasema hujui. Itakuwa vibaya kwa dakika kumi.

Sikuombi ubaki. Mkataba umeutia sahihi na wewe si mtu wa kurudi nyuma, hilo ulilitoa kwa mama yako. Ningeweza kukuomba, na tangu juzi nimekuwa nikifungua mdomo nikiwa nyuma yako jikoni, halafu nauliza chumvi iko wapi. Nina hofu mwanangu. Nina hofu utafika huko uwe mtu ambaye hakuwahi kuchora, na watu wapya watakujua hivyo, na utazoea. Mimi nilizoea. Nilifundisha insha miaka yote ile iliyofuata bila kuandika hata ukurasa mmoja wangu, na wanafunzi walidhani mimi ni mkali tu kwa asili.

Mama yako amekuwa akiwashia moto kwa karatasi zako za michoro ya penseli. Usimlaumu. Anasema wewe ndiwe uliyemwambia azitumie. Juzi niliingia jikoni nikakuta gunia la karatasi hizo limebaki na chache chini. Nilitoa zilizobaki. Ni kumi na moja. Nilizipeleka kwenye ghala la kahawa, nikaziangalia moja moja, mimi ambaye kwa miaka miwili nilipita nyuma ya kiti chako nikisema punguza kutumia stima.

Kuna moja ambapo Kanini anavuka mto mkavu na mbuzi mweupe. Mbuzi ameinua mguu mmoja wa mbele, amekunja kwato, kwa sababu mchanga ni moto. Hujaandika popote kwamba mchanga ni moto. Ni ule mguu tu. Niliishi Kiritiri miaka saba, nikaona mbuzi kila siku, na sijawahi kuona kwamba hufanya vile. Sasa siwezi kuacha kuona.

Ni nzuri, Wawira. Sijawahi kukwambia. Ni nzuri sana, na nilijua tangu ya kwanza.

Nasikia sauti ya mama yako hapo barabarani.

Baba yako,
Njeru